Kutotenda kunapogeuka jinai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kando ya Ziwa Victoria

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye meza za msaada wa kisheria, mialoni na kwenye mikutano ya mitaa, kuanzia Kirumba na Igombe hadi Nansio. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara. Namba za vifungu zilizotajwa bila jina la sheria ni za Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, toleo la 2022. Ukishika toleo jingine, tafuta kwa maneno ya kifungu, usitegemee namba peke yake.

## Mambo ya msingi

1. Mtu anaweza kushtakiwa kwa jambo ambalo hakulifanya?

Ndiyo, ikiwa sheria ilimtaka alifanye. Kifungu cha 195 kinasema anayesababisha kifo cha mwenzake kwa kitendo kisicho halali, au kwa kutotenda kusiko halali, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Kifungu hichohicho kinafafanua: kutotenda kusiko halali ni uzembe wenye hatia katika kutimiza wajibu unaohusu kuhifadhi uhai au afya, hata kama hukukusudia kuua wala kudhuru. Adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha (198). Kukiwa na nia ovu, mfano mzazi anayemnyima mtoto chakula makusudi ili afe, kosa ni mauaji ya kukusudia (196), na adhabu yake ni kifo.

Shika neno "wajibu". Majirani watauliza, "Kwa nini hakusaidia?" Mahakama itauliza, "Kazi hiyo ilikuwa ya nani?" Hayo ni maswali mawili tofauti, na karibu kila jibu lililo hapa chini linatoka katika la pili.

2. Nilimwona mtu anazama. Najua kuogelea, ila sikuingia majini. Nimetenda kosa?

Kama hukuwa na uhusiano wowote naye, si mwanao, si abiria wako, hukumsukuma na hukuajiriwa kulinda waogeleaji, jibu ni hapana. Kanuni ya Adhabu haina kifungu cha jumla kinachomlazimisha mpita njia kumwokoa mtu asiyemjua kwenye ajali. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba na watu 19 kati ya 43 kufariki, mvuvi Majaliwa Jackson alikuwa miongoni mwa waliowahi kufika na mitumbwi yao. Hapakuwa na sheria iliyomtuma. Angebaki amekaa kwenye mtumbwi wake asingeshtakiwa.

Hapa sheria yetu ina kioja chake. Mtu akiwa anazama, huna wajibu wa kisheria wa kumtupia hata kamba. Akishakufa, wajibu unaanza: kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) kinamtaka kila anayejua juu ya kifo cha ghafla au kisicho cha kawaida atoe taarifa mara moja polisi au kwa kiongozi wa eneo. Yaani maiti inadaiwa taarifa, aliye hai hadaiwi msaada. Maoni yetu juu ya jambo hili yako swali la 20.

3. Sasa huo wajibu unatoka wapi?

Chanzo kikubwa ni vifungu vya 206 hadi 210. Cha 206 kinamhusu yeyote mwenye kumtunza mtu asiyeweza kujitoa katika uangalizi huo wala kujipatia mahitaji ya uhai, iwe kwa umri, maradhi, ugonjwa wa akili, kuwekwa kizuizini au sababu nyingine. Cha 207 kinamfunga mkuu wa familia kwa mtoto wa chini ya miaka 14 aliye katika kaya yake. Cha 208 kinawagusa waajiri waliokubali kuwapa mahitaji wafanyakazi wao wadogo. Cha 209 ni cha wanaofanya mambo ya hatari kama upasuaji na tiba, kwamba wawe na ujuzi na uangalifu unaostahili.

Cha 210 ndicho watu husahau, na kwa Mwanza kina kazi nyingi. Mwenye kitu chochote cha hatari, chenye uhai au kisicho na uhai, kinachotembea au kilichosimama, lazima achukue tahadhari kisilete madhara. Mbwa mkali anaingia humo. Shimo la choo lililoachwa wazi linaingia. Injini ya mtumbwi, waya wa umeme uliounganishwa kienyeji, shimo la mchanga lililojaa maji ya mvua, na jiwe la mlimani ulilolichimba chini ukajenga huku wenzako wanaishi bondeni, vyote vinaingia.

Nje ya Kanuni ya Adhabu kuna wajibu wa sheria nyingine, kama Sheria ya Mtoto na Sheria ya Usalama Barabarani, wajibu wa kazi uliyoajiriwa, na wajibu wa hatari uliyoianzisha mwenyewe (swali la 8).

4. Mwendesha mashtaka anatakiwa kuthibitisha nini?

Mambo manne, na kila moja bila kuacha shaka ya msingi. Kwanza, wajibu wa kisheria ulikuwepo. Pili, ulijua hali ilivyo, au mtu yeyote makini mahali pako angejua. Tatu, ulikuwa na uwezo wa kufanya kilichotakiwa. Sheria haimdai mtu asiyejua kuogelea ajitupe kilindini. Nne, kutotenda kwako ndiko kulikoleta madhara.

La nne ndilo linaloangusha kesi nyingi za aina hii. Kitendo huacha alama, lakini kutotenda hakuachi kitu. Ni lazima daktari au mtaalamu aeleze kwamba hatua ingechukuliwa saa fulani, mtu huyu angepona. Kama marehemu alikuwa hawezi kupona hata angefikishwa hospitali ya Bugando kwa dakika 10, shtaka la kuua linayumba, ingawa makosa yasiyohitaji kifo (maswali ya 5 na 9) yanaweza kubaki.

Uzembe nao si wa kiwango chochote. Kusahau kidogo kunaweza kukupeleka kwenye madai ya fidia. Jinai inataka uzembe uliopitiliza, wa kutojali uhai wa mtu.

## Ziwani na mwaloni

5. Mimi ni nahodha. Abiria wenyewe wameng'ang'ania kupanda na chombo kimezidi. Kosa ni lao au langu?

Ni lako. Abiria ana haki ya kuwa na haraka. Wewe una wajibu wa kukataa kung'oa nanga. Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayebeba watu kwa nauli katika chombo kibovu au kilichozidiwa mzigo kiasi cha kuwa hatari, awe amejua au amezembea. Kifungu cha 233 nacho kinagusa uendeshaji wa chombo cha majini kwa uzembe unaohatarisha maisha. Vyote viwili havisubiri mtu afe. Ukikamatwa njiani chombo kikiwa kimeelemewa, kosa limeshatimia.

Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228 na walionusurika 41. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kwa nini wapelelezi huanza na vichwa.

Kwa kawaida huulizia orodha ya abiria au vishina vya tiketi. Cheti cha ukaguzi na leseni ya chombo. Cheti cha nahodha na nani hasa alikuwa kwenye usukani. Jaketi okozi ngapi zilikuwepo, na zilivaliwa au zilifungiwa stoo. Na taarifa ya siku hiyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Jaketi 20 zilizofungwa kwa kufuli ni sawa na jaketi sifuri. Tena ni mbaya zaidi mahakamani, kwa sababu zinaonyesha ulijua zinahitajika.

6. Mtumbwi ni wangu ila siku hiyo nilikuwa nyumbani Buhongwa. Nahusika?

Inategemea ulijua nini na ungeweza kuzuia nini. Sheria inamtaja anayebeba na pia anayesababisha watu wabebwe. Tajiri aliyeambiwa mara tatu kwamba ubao wa chini unavuja, akajibu "endeni tu, wiki ijayo nitaleta fundi", anaweza kusimama kizimbani pamoja na nahodha. Aliyekabidhi chombo kizima, chenye vifaa, kwa nahodha mwenye cheti, kisha nahodha akajaza magunia ya dagaa kwa siri, yuko mahali pazuri zaidi. Ujumbe wa simu kuhusu matengenezo, pamoja na risiti za fundi, huamua mengi. Usiufute.

7. Nikipita na boti na kuona mtumbwi uliopinduka, sheria inanilazimisha nisimame?

Kwenye bahari, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini (SOLAS) unamtaka nahodha wa meli anayepata taarifa ya watu walio hatarini aende kuwasaidia kwa kasi, mradi haihatarishi meli yake na watu wake. Mvuvi wa sangara mwenye mtumbwi wa watu wanne si nahodha wa aina hiyo, na ziwa si bahari. Kwa mpita njia wa kawaida rudi swali la 2. Lakini kama ni boti yako iliyougonga mtumbwi huo, au wimbi lako ndilo lililoupindua, ondoa mawazo ya kupita. Soma swali linalofuata.

8. Nilianzisha hatari bila kukusudia. Ajali si kosa, au sivyo?

Ajali yenyewe huenda isiwe kosa. Kifungu cha 10 kinamwondolea mtu jinai kwa tukio la bahati mbaya, isipokuwa pale sheria inapotaja uzembe. Kinachofuata baada ya ajali ndicho kinachofunga watu. Kesi inayotajwa sana ni ya Uingereza, Miller, 1983. Mtu alilala na sigara, akaamka akakuta godoro linaungua, akahamia chumba cha pili kuendelea kulala. Mahakama ya juu kabisa ilisema: ukishagundua kwamba wewe ndiye uliyewasha hatari, una wajibu wa kufanya kilicho ndani ya uwezo wako, hata kama ni kupiga simu tu. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, lakini mawakili huzitumia kushawishi.

Kwa lugha ya mwaloni: karabai imeanguka na moto umeanza kwenye nyavu za jirani. Kuanguka ni ajali. Kuondoka kimya ni jambo jingine, na kifungu cha 233 kinataja waziwazi kuacha kuchukua tahadhari dhidi ya moto ulio mikononi mwako. Barabarani, hali kadhalika: dereva aliyehusika kwenye ajali lazima asimame, asaidie majeruhi na atoe taarifa polisi. Wanaokimbia kwa kuogopa kipigo cha wananchi wanapaswa kwenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Kwenda nyumbani kunasomeka kama kutoroka.

9. Mtoto alitumbukia kwenye shimo la ujenzi wangu, akaokolewa akiwa mzima. Hakuna kesi?

Inaweza kuwepo, kwa sababu ya kifungu cha 210 na makosa ya uzembe yasiyohitaji kifo. Fukia au funika shimo leo. Uzio wa kamba nyekundu hauzuii mtoto wa miaka mitatu.

## Nyumbani

10. Sina kazi na watoto wanalala njaa. Naweza kufungwa kwa umaskini?

Hapana. Kifungu cha 167 kinamtia hatiani mzazi au mlezi anayekataa au kupuuza kumpa mtoto mdogo chakula, mavazi, malazi na mahitaji mengine "ilhali ana uwezo", kiasi cha kuidhuru afya yake. Maneno hayo ya uwezo ndiyo kinga ya maskini. Hayamlindi baba anayelipwa kila Jumamosi kwenye mnada wa samaki na kumaliza fedha kwenye pombe.

Ukizidiwa, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, na uombe jina lako liandikwe. Aliyeomba msaada akakosa ana ushahidi kwamba hakupuuza.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaongeza wajibu wa matibabu, chanjo, elimu na malezi, na anayevunja sehemu hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kufungwa hadi miezi 6, au vyote. Kizito zaidi ni kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu: anayemtesa, kumpuuza au kumtelekeza mtu wa chini ya miaka 18 aliye chini yake, kwa namna inayoweza kumletea mateso au madhara ya afya, anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 15. Kifungu hicho ndicho kinachotaja pia ukeketaji, jambo ambalo familia za upande wa Mara wanalijua vizuri.

11. Tulimpeleka mtoto kwa maombi na kwa mganga kwanza. Alifariki. Ni kosa?

Imani si kosa, lakini haiondoi wajibu wa matibabu. Mahakama itaangalia dalili zilikuwa zinaonekana kiasi gani na mlikaa siku ngapi. Degedege la usiku mmoja kijijini Ukara bila usafiri halifanani na homa ya siku tisa umbali wa kutembea hadi hospitali ya Sekou Toure. Maombi na hospitali vinaweza kwenda pamoja.

12. Shemeji yangu mgonjwa alihamia kwangu mwenyewe, sikumwita. Nikishindwa kumhudumia nitawajibika?

Mtu mzima mwenye akili timamu anayeweza kuondoka si mzigo wako wa kisheria. Hali hubadilika anapokuwa hajiwezi na wewe umeshaanza kumhudumia, kwa sababu hapo umemchukua katika uangalizi wako kwa maana ya 206.

Uingereza mwaka 1977 mtu na mwenzi wake waliokuwa wakiishi na dada wa mwanamume huyo walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Alikuwa ameacha kula, akalala kitandani hadi kuoza vidonda, na wao wakafanya juhudi dhaifu bila kumfikisha daktari. Wanasheria wengi wanaiona hukumu ile kuwa kali, kwa kuwa wenyewe walikuwa watu dhaifu, na sisi tuko upande huo. Ila funzo lake la kiutendaji linabaki: ukishindwa kumhudumia, mkabidhi kwa mwingine waziwazi. Waite ndugu, mwite mwenyekiti wa mtaa, mpeleke kituo cha afya. Kumhudumia nusu halafu kufunga mlango ndiyo njia ya hatari kuliko zote, maana wengine wakikuona umeanza wanaacha kuja.

13. Jirani anamtesa mtoto wa kambo. Si mambo ya ndani ya nyumba yake hayo?

Sheria ya Mtoto, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anamnyima chakula, malazi, matibabu au elimu, wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Simu ya mtoto ni 116. Huhitaji kuwa na uhakika wa asilimia mia. Kuthibitisha ni kazi ya wengine.

## Taarifa, yowe na sungusungu

14. Najua jamaa wanapanga kuvamia duka. Nikinyamaza?

Hapa sheria inakubana kuliko watu wengi wanavyodhani. Kifungu cha 383 kinamtia hatiani anayejua kwamba mtu anapanga au anatenda kosa, kisha asitumie njia zote za kuridhisha kulizuia. Kwa kuwa hakitaji adhabu yake, inatumika ya jumla ya kifungu cha 35: hadi miaka 2 jela, au faini, au vyote. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo kinadai utoe taarifa, na kama una sababu ya msingi ya kutotoa, ni juu yako kuithibitisha.

"Njia za kuridhisha" si kupigana nao. Simu kwa 112, au neno kwa mtendaji wa kata, linatosha. Kifungu hichohicho cha 7 kinakukinga usishtakiwe kwa hasara iliyotokana na taarifa uliyotoa kwa kutimiza wajibu huo.

15. Yowe lilipigwa usiku, sikutoka. Sungusungu wananitoza faini. Ni halali?

Kwa mila ya Usukumani mwano ukipigwa kila mwanamume hutoka, na asiyetoka huulizwa kesho yake. Huo ni wajibu wa kijamii wenye nguvu, na umeokoa ng'ombe wengi na maisha ya watu. Sheria za mgambo zilirekebishwa mwaka 1989 ili kuyatambua makundi ya ulinzi ya aina hii. Kutambuliwa si kupewa mahakama. Faini ya jinai hutolewa na mahakama, au chini ya sheria ndogo ya halmashauri iliyopitishwa kihalali. Ukidaiwa faini, omba kuonyeshwa sheria ndogo hiyo na upewe risiti ya serikali. Kutokutoka peke yake, kwa mtu asiyejua kinachoendelea nje, si kosa chini ya Kanuni ya Adhabu.

16. Sungusungu wamemfunga mtuhumiwa usiku kucha, asubuhi kafa. Waliompiga hawajulikani. Waliomlinda wana kosa?

Wanaweza kuwa nalo, na swali hili tunataka walinzi wa mitaa walisome mara mbili. Kifungu cha 206 kinataja kizuizi. Ukimfunga mtu mikono ukamweka chini ya mti, umemchukua katika uangalizi wako: maji, kinga dhidi ya kupigwa, na matibabu vimekuwa kazi yako hata kama hukumgusa. Raia anaruhusiwa kukamata katika mazingira fulani, lakini lazima amkabidhi mtu huyo polisi bila kuchelewa. "Tulisubiri kukuche" ni maelezo magumu kama kituo kiko umbali wa bodaboda ya dakika 15. Andikeni saa mliyomkamata, saa mliyopiga simu na jina la aliyepokea.

17. Nilisimama tu nikitazama mtu anachomwa moto kwa kuitiwa mwizi. Nilirekodi kwa simu. Mimi ni mshiriki?

Kuwepo mahali peke yake hakukufanyi mshiriki. Kushangilia, kuziba njia ya kutorokea au kuleta tairi kunakufanya, kwa kuwa kifungu cha 22 kinawahesabu waliosaidia na waliohamasisha kama watenda kosa wenyewe. Hapo katikati kuna 383: uliona kosa likitendwa, na mkononi ulikuwa na simu. Video yako inathibitisha dakika ngapi ulikuwa na uwezo wa kupiga 112 na hukupiga. Kama umeshairekodi, ipeleke polisi. Kuifuta kunaweza kukuletea kosa jingine la kuharibu ushahidi.

## Watumishi na wakubwa

18. Nesi, mlinzi, mhudumu wa kivuko: mkataba wangu ni na mwajiri. Kwa nini niwajibike kwa mtu baki?

Mlinzi wa geti la reli huko Uingereza alitoa hoja hiyohiyo mwaka 1902. Alikwenda kula akaacha geti wazi, treni ikagonga mkokoteni, mtu akafa. Alisema wajibu wake ni kwa kampuni. Mahakama ikamjibu kwamba kazi yake ilikuwepo kwa ajili ya usalama wa wapita njia, na akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kesi ya Pittwood. Kama kazi yako ipo ili watu wasife, waliolengwa na kazi hiyo wanakudai.

Kwa hospitali, mgonjwa akishapokelewa, wajibu umeanza. Majeruhi wa kipigo au ajali atahitaji PF3, fomu ya polisi, kwa ajili ya upelelezi, lakini fomu hiyo haizuii damu kutoka: zuia damu kwanza, fomu itafuata. Hata hivyo, nesi mmoja mwenye wagonjwa 40 na bila dawa stoo hapimwi kama mwenye kila kitu. Aandike kwenye kitabu cha ripoti alichokosa, saa ngapi, na alimwambia nani.

Askari aliyemshika mtu mahabusu yuko moja kwa moja ndani ya 206.

19. Mkubwa wa idara anaweza kufungwa kwa sababu walio chini yake walizembea?

Kwa cheo chake tu, hapana. Lazima kuwe na wajibu wake binafsi alioujua na kuuacha. Mkanganyiko unatokana na kuchanganya jinai na uwajibikaji wa kisiasa. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kufuatia mateso na vifo vya watu waliokuwa wameshikiliwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Hakumgusa mtu yeyote na hakushtakiwa. Alibeba dhamana ya ofisi, na baadaye akawa Rais. Kuachia ofisi kunataka ushahidi mdogo kuliko kufunga mtu, na ndivyo inavyofaa kuwa.

## Penye utata

20. Je, Tanzania iweke sheria ya kumlazimisha kila mtu kusaidia?

Nchi nyingine wanayo. Ujerumani, kifungu cha 323c cha kanuni yao kinatoa hadi mwaka 1 jela au faini kwa asiyesaidia kwenye ajali au hatari ya wote, pale msaada ulipohitajika na angeweza kuutoa bila kujihatarisha sana. Ufaransa, kifungu cha 223-6 kwa kawaida kinafika miaka 5 na faini ya euro 75,000. Uingereza, tuliyorithi kwake sheria nyingi, haina wajibu wa jumla.

Wanaopinga kwetu wana hoja moja nzito: mashahidi watakimbia. Tayari watu wengi wanaogopa kumbeba majeruhi wasije wakageuzwa watuhumiwa. Ukiongeza jela kwa asiyesaidia, basi kukiri tu kwamba ulikuwepo kunakuwa kujishtaki, na mtu atasema hakuona chochote.

Tunaona ipo nafasi ya wajibu mwembamba: kutoa taarifa ya hatari ya uhai wa mtu unayoiona kwa macho, kama ambavyo tayari tunalazimishwa kutoa taarifa ya uhalifu na ya maiti. Simu moja kwa 114 ya Zimamoto na Uokoaji, au kumwita mwenye mtumbwi aliye karibu, na wajibu umekwisha. Adhabu iwe faini. Na iende pamoja na kinga kwa anayesaidia kwa nia njema akakosea. Kulazimisha watu kujitosa majini tunapinga kabisa. Anayezama humkumbatia mwokozi, na mara nyingi miili hutolewa miwili.

21. Tulikuwa watu 200 ufukweni mtoto alipozama. Kwa nini mimi peke yangu nashtakiwa?

Kwa sababu kati ya 200, wewe ndiye uliyekuwa na wajibu: baba yake, mwalimu aliyewaleta, nahodha. Wingi wa watazamaji haupunguzi wajibu wa mwenye wajibu, wala hauwapi wengine wajibu wasiokuwa nao.

22. Nilianza kumvuta mtu anayezama, nikachoka, nikamwachia. Ningekaa pembeni ningekuwa salama zaidi?

Kuchoka si uzembe. Hatari ya kisheria inakuja ukiwa umemtoa mahali alipoweza kuonekana na wengine, ukawazuia kusaidia, kisha ukaondoka. Ukianza, ita wenzako kwa sauti.

23. Mtoto wa miaka tisa aliona mwenzake anazama, akaogopa kusema hadi jioni. Polisi watamchukua?

Chini ya miaka 10 hakuna jinai kabisa. Chini ya 12, mpaka ithibitishwe alikuwa na uwezo wa kujua kwamba alichofanya au kuacha ni kosa. Anahitaji ushauri nasaha.

24. Nimeitwa kituoni kuhusu tukio la namna hii. Nifanye nini?

Uliza kwanza: naitwa kama shahidi au mtuhumiwa? Ukiwa mtuhumiwa una haki ya kuelezwa kosa, kuonywa kabla ya maelezo, na kuwa na wakili au ndugu. Usisaini maelezo ambayo hujasomewa yote. Usiseme "ni kosa langu" kwa sababu ya huzuni. Msibani ni maneno ya kawaida, kwenye jalada ni kukiri.

Kusanya kabla kumbukumbu hazijapotea: rekodi za simu ulizopiga na saa zake, risiti za matengenezo, daftari la zamu, majina ya walioona, picha za mahali. Kosa la kuua bila kukusudia linadhaminika, la mauaji ya kukusudia halidhaminiki, kwa hiyo angalia kwa makini limeandikwa lipi kwenye hati ya mashtaka. Kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakupa njia ya kuomba. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii au ofisi ya halmashauri, Nyamagana, Ilemela au ya wilaya unakoishi.